Baba Yuko Roming

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kwa Okello walipima kwa futi kamba. Uongo wake wote ulikuwa na urefu wa kutoka mtaa wa Kianda hadi Kawangware 46, humo humo Nairobi. Unapitia Olympic, unakata mpaka Ngong Road, unavuka Dagoretti Corner, unaingia Riruta, umefika. Mtu mwenye haraka anakwenda kwa miguu na kurudi kabla maharagwe hayajaiva. Lakini kwa watu wa Kianda, Okello hakuwa Kawangware. Okello alikuwa Juba, anajengea wazungu nyumba, na simu yake iko roming.

Usimhukumu bado. Ngoja kwanza ujue alivyojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Huo ulikuwa wakati wa zile simu za mulika mwizi, ambapo mtu akinunua moja anaivaa shingoni kwa kamba ili hata adui zake waione. Vita vya Sudan Kusini vilikuwa vimekwisha, na kila fundi wa Nairobi aliyejua kushika mwiko alikuwa akiimba Juba, Juba. Ilisemekana huko fundi analala kwenye hema lenye feni na anakula kuku mpaka anamchukia. Okello alikuwa fundi wa plasta, na mikono yake haikuwa na neno. Tatizo lilikuwa masikio, ambayo yaliamini kila kilichosemwa na mwanaume aliyevaa tai. Mmoja wa hao wenye tai akamwambia ana kazi Juba: toa ada ya makaratasi sasa, tutakutana Busia ng'ambo ya Uganda, kutoka hapo ni gari la kampuni mpaka kazini.

Ploti nzima ikachanga. Mwenyekiti wa wapangaji alikuwa Khamala, muuza viatu vya mtumba, mtu ambaye hajawahi kuona maikrofoni akaipita. "Leo tunamtoa kijana wetu kwenda nchi za nje," alisema kanisani siku ya kumuaga, na mate yakaruka mpaka benchi la tatu. Adero, mkewe Okello, alikuwa na mimba changa. Alilia na kucheka kwa wakati mmoja. Okello akamshika mkono mbele ya watu wote na kumwahidi kwamba mtoto akizaliwa, yeye atakuwa amesimama mlangoni, hata kama atatoka huko kwa kutambaa. Kisha wakamsindikiza River Road kwenye mabasi kwa nyimbo na makofi, umati mkubwa hivi kwamba dereva wa basi aliuliza jeneza liko wapi.

Kule Busia, Okello alivuka akasimama kando ya mtu anayepika chapati za mayai, akangoja. Mwenye tai hakuja. Akampigia. Mama yule wa kwenye simu, mwenye sauti ya adabu kuliko binadamu wote, akamwambia mteja wa nambari aliyopiga hapatikani kwa sasa, tafadhali ajaribu tena baadaye. Okello akajaribu tena baadaye. Akajaribu na baadaye ya baadaye. Jua lilipoanza kumchoma kisogo ndipo alipoelewa kwamba yule mteja hatapatikana mpaka siku ya kiyama, na hata siku hiyo atakuwa amebadilisha laini.

Akiwa bado ameshika kichwa, simu ikatetemeka. Ujumbe. Ulimkaribisha Uganda na kumjulisha kwamba laini yake sasa inatumia huduma ya roming. Okello alikuwa hajawahi kukaribishwa mahali popote kwa maandishi. Akausoma tena, na kabla hajamaliza, simu ikaita. Khamala.

"Okello! Umefika wapi, kijana?"

Okello akafungua mdomo aseme nimeibiwa. Mungu ni shahidi, neno lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini nyuma ya sauti ya Khamala alisikia watu, ploti nzima imekusanyika, mtu anasema nyamazeni tusikie, na Adero anacheka.

"Nimevuka, chairman," akasema. "Niko roming."

Salio lake likaisha papo hapo, simu ikakatika. Na hiyo ndiyo roming yote ambayo Okello aliwahi kuwa nayo maishani, hizo dakika chache kando ya chapati za mayai za mtu mwingine.

Kianda, neno hilo lilitua kama mgeni wa heshima. Hakuna aliyelijua, kwa hiyo wote walilielewa. Khamala alieleza kwamba roming ni pale simu yako inapotambuliwa na serikali ya pili, kitu ambacho hata wabunge wengine hawana. Jumapili mchungaji akamwombea ndugu yetu aliye roming, na waumini wakasema amina. Kwenye foleni ya maji, akina mama walimpisha Adero: mwacheni achote, mume wake yuko roming. Mtu aliyeondoka na mkoba mmoja na mwiko wa plasta alikuwa amepandishwa cheo, na cheo chenyewe hakukiomba.

Mwenye cheo alirudi Nairobi juu ya lori la ndizi. Miguu ilikataa kabisa kuelekea Kianda. Ikampeleka Kawangware 46 kwa Kimanzi, Mkamba wa Kitui aliyewahi kufanya naye kazi, ambaye sasa alikuwa na kibanda cha kutengeneza vitanda. Kimanzi akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamwonyesha kitanda kimoja kilichokosa mnunuzi.

"Lala hapo. Lakini kesho uende ukawaambie watu wako kwamba matapeli walikucheza."

"Nitaenda."

Hakwenda. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: atafanya vibarua Riruta, akipata cha kurudi nacho, "atarudi kutoka Juba" kama mwanaume. Akaanza kuvaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Okello akipata kitu kidogo, Kimanzi alijipaka vumbi la msumeno usoni na kwenda Kianda kukipeleka, akijifanya turniboi, utingo wa malori ya Juba. Kimanzi huyu hajawahi kupita Naivasha. Aliulizwa Juba iko vipi, akasema ni joto. Akaulizwa watu wake wako vipi, akasema wana joto. Walimpa chai na kumshukuru kwa safari ndefu.

Halafu roming ikaota mizizi. Khamala alisikia kutoka kwa mtu anayejua mambo kwamba aliye roming analipishwa hata akipigiwa. Akatoa amri kwenye ploti: hakuna kumpigia Okello, mnataka kumfilisi? Ni flash tu. Simu ikilia mara moja ikanyamaza, tu wazima. Mara mbili, piga ukiweza. Mara tatu, piga hata kama utakopa. Hivyo mtu aliyekuwa na Adero karibu kiasi cha kumpelekea mboga zikiwa bado na umande, akawa anamsikia kwa mlio mmoja jioni. Alikuwa akiungoja akiwa na simu kifuani. Ukija, analala. Usipokuja, Kimanzi halali, maana anaulizwa kama mtandao una shida.

Siku chache alizopiga yeye, ilibidi ajenge Juba upya. Aliwahi kuulizwa huko ni saa ngapi, akaropoka kwamba wako nyuma kwa saa moja, sijui aliitoa wapi, na tangu siku hiyo akawa anaishi saa moja nyuma ya Kawangware yote. Akitakiwa kupiga jioni anasema mchana mwema. Mama yake mzazi, ambaye watu walimwita Nyar Gem kwa sababu alitoka Gem, alikuja mjini kumwangalia Adero mimba ilipokomaa, na yeye kwenye simu alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Kwa akili yake sauti ilipaswa kufika Sudan, na njiani kuna milima.

"Mwanangu, unakula?"

"Nakula, mama."

"Usiogope, mkeo niko naye."

Okello akikata simu anarudi kushika mwiko. Kuchekwa kulimtisha, ndiyo, lakini kilichokuwa kikimla kwa ndani ni ile ahadi. Mlangoni, alisema. Hata kwa kutambaa. Kila akipaka plasta ukuta wa mtu anajiambia kabla ya mtoto nitakuwa nimerudi, wiki ijayo, wiki ijayo tena. Mimba, kama ujuavyo, haina roming. Ilikwenda kwa saa za Kianda.

Siku yenyewe, ilikuwa mchana, Okello akimpigia Kimanzi msasa ubao wa kitanda. Simu ikalia mara moja, ikanyamaza. Sawa. Ikalia tena. Akainua kichwa. Ikalia ya tatu, na msasa ukamwanguka.

"Kimanzi, weka nyundo chini. Niko Juba."

Kimanzi akaweka nyundo chini, akafukuza na kuku, maana nani anajua kama kuku wa Juba wanalia hivyo. Okello akakwangua kadi ya simu kwa ukucha, akakosea tarakimu, akarudia. Akapiga.

"Okello! Unanisikia huko?" Nyar Gem hakuwa na haja ya simu, angetoka tu nje angesikika Riruta.

"Nakusikia, mama. Adero yuko aje?"

"Amejifungua. Kijana. Jana."

Okello akakalia ubao ambao haujapigwa msumari, nao ukamwangusha. Akabaki chini hapo hapo. "Jana? Na hamkuniambia?"

"Tukuambie nini na hiyo roming inavyokula watu? Chairman alisema tungoje mtoto atulie, tukupe habari yote kwa simu moja. Sasa mtoto hatulii! Huyo unamsikia?"

Alimsikia. Kilikuwa kilio chembamba, kikavu, cha mtu aliyekwisha kuchoka kulia lakini hajui kazi nyingine.

"Analia tangu atoke," Nyar Gem akasema. "Hashiki ziwa. Kliniki wamemgeuza huku na huku, wanasema hana ugonjwa. Mimi najua si ugonjwa. Kuna mtu anataka jina lake."

Kwao Okello, kwa Wajaluo, mtoto mchanga akilia na tumbo halimuumi wala homa hana, wakubwa hawababaiki. Wanajua kuna marehemu wa ukoo amekuja kudai jina lake lirudi kwa walio hai. Basi wanaitwa marehemu mmoja mmoja, hasa aliyemtokea mzazi ndotoni, na jina lile mtoto atakalolinyamazia ndilo lake. Hakuna rufaa. Ukoo mzima unaweza kuwa na watu wenye majina ya kupendeza, mtoto akamnyamazia mlevi aliyezama mtoni, na itabidi iwe hivyo.

"Nimewaita wote ninaowajua," mama akaendelea. "Baba yako nimemwita, ndio akazidi kulia. Wewe umeota nani?"

Okello usiku alikuwa ameota chapati za mayai. "Sijaota mtu, mama."

"Yawa! Kwani Juba hamlali? Haya, wewe ndiye baba, mwite mwenyewe. Nakuwekea simu sikioni mwake. Usipunguze sauti."

Kilio kikajaa kwenye sikio la Okello. Akaanza. Akamwita babu yake Owuor, aliyekufa akidai ng'ombe. Kilio. Akamwita Ogwel, kaka yake Owuor, ambaye ndiye aliyekuwa na hao ng'ombe. Kilio. Akamwita shangazi wa Yala, mjomba aliyekwenda vita vya Burma, na mmoja wa Kisumu ambaye hakuwa na uhakika kama amekufa. Mtoto aliwakataa wote kama karani wa ofisi anayetaka kwenda chakula cha mchana. Kimanzi, kando, alinong'ona kwamba ana babu mmoja mzuri Kitui kama wamekwama.

Ndipo ikamfika Okello. Huyu alikuwa mtoto wake. Ilikuwa mara ya kwanza anamsikia, na alikuwa anamsikilizia kwenye simu, mkononi mna unga wa msumeno, mahali ambapo mama mjamzito angeweza kufika akitembea. Akaona aibu iliyomtoa machozi. Ile ya kuchekwa ilikuwa ndogo mno mbele yake. Na akakumbuka kwamba kule upande wa pili simu iko sikioni mwa mtoto. Hakuna mwingine anayesikia.

"Sikiza, mwanangu," akanong'ona. "Tuko wawili tu hapa. Baba yako alichezwa na mtu wa tai, akaogopa kuchekwa, akajificha. Nilimwambia mama yako nitakuwa mlangoni. Nakuja. Niko karibu hapa, sikwenda popote. Mimi siko Juba."

Kilio kikakatika.

Kilikatika pap, si kwamba kilipungua. Okello alidhani salio limekwisha, akaitazama simu, akaona sekunde bado zinahesabika. Halafu akasikia mkwaruzo, na mama yake akarudi hewani kwa kishindo.

"Amenyamaza! Okello, amenyamaza! Umemwita nani?"

"Mama, sikumwita mtu. Nilikuwa namwambia kwamba..."

"Jina! Umesema jina gani mwisho?"

"Mwisho? Mwisho nilisema..." Akameza mate. "Juba. Lakini mama, nisikilize..."

Nani amsikilize? Kule Nyar Gem alilirudia jina kwa mshangao, kisha ikaingia sauti ya Khamala, ambayo haijawahi kuacha nafasi ipite bure. "Mama, usishangae. Nyinyi Wajaluo mlitoka wapi? Si mlitoka Sudan mkifuata mto Nile mkishuka? Tulisoma shuleni! Huyu mtoto hataki babu wa juzi. Huyu ameita wale wa mwanzo kabisa!"

Nyar Gem hakungoja mengine. Akamjaribu mtoto na Owuor, kikaanza kilio. Akamjaribu na Juba, kikafa. Vigelegele vikapanda, mtu akagonga sufuria, na Khamala alikuwa amekwisha kuanza hotuba wakati salio la Okello lilipokatika kwelikweli.

"Umewaambia?" Kimanzi akauliza.

"Nimemwambia mtoto."

"Akasemaje?"

"Amelichukua Juba liwe jina lake."

Kimanzi alitaka kucheka, akaiona sura ya mwenzake, akaokota nyundo na kuitazama kana kwamba ni kitu kipya. Okello hakuvaa kofia. Alitoka kama alivyo, na unga wa mbao kwenye nywele, akapita Riruta mbio mbio, akavuka Dagoretti Corner bila kutazama magari, dereva mmoja akamtukania ukoo mzima, ule ule uliotoka kukataliwa na mtoto. Njiani alijipangia maneno. Atasimama mbele ya wote. Atasema walinicheza. Atasema nilikuwa Kawangware. Wacheke mpaka wachoke, mtoto ni wake, mke ni wake, na mlango ule ataufikia ijapokuwa kwa kuchelewa.

Alipofika, uani hapakuwa na mtu. Wote walikuwa kwenye bomba la maji nyuma ya ploti, wamemzunguka Nyar Gem, ambaye alikuwa akiisimulia ile simu kwa mara ya kumi na kila mara Juba ilikuwa inasogea mbali zaidi. Okello akasukuma mlango wake.

Adero alikuwa ameegemea ukuta kitandani, mtoto amelala mapajani. Akainua macho. Na hapo, jamani, uso wake ulivyong'aa! Okello hajawahi kupokelewa hivyo na mtu, na hakuna siku ambayo hakustahili kama hiyo.

"Okello! Aki ni wewe? Umekuja na ndege?"

"Adero..."

"Walikupa ruhusa? Kuja, kuja umwone." Akanyoosha mkono, akamshika mkono wa shati. Unga wa mbao ukamjaa vidoleni. Akautazama. Akatazama viatu vyake, vumbi la kawaida, jekundu, la hapa hapa. Adero alikuwa mtu wa akili, na hesabu hii haikuwa ngumu.

"Saa hii tu ulikuwa kwa simu," akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unapiga kutoka wapi?"

"Kawangware."

Adero akacheka kidogo, kama mtu anayengoja amaliziwe kichekesho. "Kawangware gani? Kwani Juba pia kuna Kawangware?"

"Hii. Ya 46. Kwa yule Kimanzi. Yule turniboi."

"Tangu lini?"

"Tangu Busia. Walinicheza, Adero. Hakukuwa na kazi. Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka," Adero akasema. "Ee, tungekucheka. Wiki moja tungekucheka, chairman angetunga na wimbo, halafu tungekula ugali tulale." Alikuwa anafuta vidole kwenye shuka, polepole, kimoja kimoja. "Unajua jana nilifanya nini? Uchungu ulikuja mama yako akiwa sokoni. Nilikuwa peke yangu hapa, nimeng'ata leso. Simu ilikuwa pale, nikaichukua, nikairudisha. Nikasema usimsumbue, yuko mbali, atachanganyikiwa bure. Na kila uchungu ukinishika nilikuwa nasema, angekuwa karibu angekuja. Angekuwa karibu angekuja. Hiyo ndiyo niliyoshika, Okello. Sikuwa na kitu kingine cha kushika. Na wewe ulikuwa Kawangware."

Hakupaza sauti. Okello angemshukuru sana kama angepaza.

"Nisamehe," akasema. "Natoka sasa hivi nawaambia wote. Mama, chairman, kila mtu. Hata kanisani nitasimama."

"Waambie. Na huyu?"

"Tutampa jina lingine. Jina zuri. Owuor, au la baba."

"Mpe," Adero akasema. Akamwinua mtoto na kumweka mikononi mwake, bila hasira, jinsi unavyomkabidhi mtu mzigo wake. "Jaribu."

Mtoto alikuwa mwepesi kuliko Okello alivyotarajia, na wa moto. Akafumbua macho. Akaanza kulia, kilio kile kile chembamba cha kwenye simu, ila sasa kilikuwa na mdomo na ngumi mbili ndogo. Okello akambembeleza. Akamwita Owuor. Akamwita kwa jina la baba yake. Akamwambia, "Baba yuko hapa, mwanangu, baba amekuja, baba yuko hapa hapa." Kilio kikazidi. Kule bombani maneno yakapungua, mtu akasema mtoto analia tena, na sauti ya Nyar Gem ikaanza kusogea, inakuja, na kandambili zinapiga sakafu ya ua. Okello akamgeukia Adero. Adero hakunyoosha mkono.

"Juba," Okello akasema kwa sauti ndogo.

Mtoto akanyamaza.

Adero akavuta shuka mpaka mabegani, akageukia ukuta.

"Mwite tena," akasema. "Nataka nikusikie ukipataja pale ulipotuambia uko."